Kikombe cha kunywea si mahali pa meno ya bandia

MENO ya bandia hulazwa majini usiku, lakini si kila chombo chenye maji kinafaa kuyalaza. Chombo kibaya huweza kumwacha mzee akila uji kwa majuma kadhaa, akisubiri kutengenezewa meno mengine.

Kwa mkazi wa Ngombezi, eneo la mashamba ya mkonge karibu na mji wa Korogwe mkoani Tanga, hasara hiyo si ndogo. Seti mpya hudai safari zaidi ya moja kwa mtaalamu: kupimwa fizi, kujaribishwa na kurekebishwa.

Meno mengi ya bandia hutengenezwa kwa akriliki, aina ya plastiki ngumu. Akriliki ikikauka, au ikitiwa katika maji ya moto, huweza kupinda, na bamba lililopinda halikai tena sawasawa mdomoni. Kwa hiyo sifa ya kwanza ya chombo ni kina cha kutosha ili maji ya baridi yafunike meno yote.

Sifa ya pili ni mdomo mpana, ili mikono yenye kutetemeka iweze kuyatoa bila kuyaangusha. Ya tatu ni kifuniko kinachobana, cha kuzuia vumbi, mende na panya. Ya nne ni kuta laini za plastiki au kauri. Vyombo vya chuma havifai, kwa kuwa siki na klorini huvila. Klorini huharibu pia vibanio vya chuma vilivyomo katika baadhi ya meno hayo.

Kopo maalumu halipatikani katika kila duka. Kopo la plastiki la siagi, lenye kifuniko na lililooshwa vizuri, linatosha. Makopo yaliyowahi kutiwa mafuta ya taa au dawa za kuua wadudu yasitumike kamwe, hata yakioshwa mara nyingi.

Glasi na vikombe vya kunywea navyo vina hatari yake, kwani mtu mwingine anaweza kuyanywa maji yaliyomo. Mwaka 2008, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitahadharisha kuhusu vidonge vya kusafishia meno ya bandia, baada ya baadhi ya watumiaji kupata mzio na wengine kudhurika kwa kuvitumia visivyo, ikiwa ni pamoja na kuvimeza.

Aidha, chombo chenyewe huhitaji usafi. Kila asubuhi maji yamwagwe, kopo lioshwe kwa sabuni na kuanikwa likauke. Lenye nyufa au mikwaruzo libadilishwe, kwani humo hujificha fangasi wanaosababisha wekundu na maumivu ya kaakaa. Maji ya mto au kisima yachemshwe na kupozwa kabla ya kutumiwa.

Umuhimu wa kuyavua usiku ulidhihirika katika utafiti uliofanywa nchini Japani na kuchapishwa mwaka 2015, uliohusu wazee 524 wenye umri wa miaka 85 na zaidi. Waliolala na meno ya bandia mdomoni walipatwa na homa ya mapafu takriban mara mbili zaidi ya wale walioyavua.

Hatimaye, jina la mwenye meno liandikwe juu ya kopo. Mzee akilazwa hospitalini, kopo liende naye, kwa kuwa meno yaliyofungwa katika karatasi hutupwa kwa urahisi pamoja na takataka.