Jina “Mshirazi” katika Chaguzi za Pemba, 1957–1963

Katika uchaguzi wa kwanza wa Zanzibar, Julai 1957, jina “Mshirazi” lilikuwa tayari jina la wenyeji wengi wa Pemba. Siasa ililigeuza likawa wito wa kura. Chama cha Afro-Shirazi (ASP) kililiambatanisha na Uafrika. Hizbu (ZNP) iliwaita watu hao hao raia wa Sultani. Na mwaka 1959 Muhammad Shamte na wenziwe walijitenga, wakaunda ZPPP, chama kilichoitaja Pemba katika jina lake.

Januari 1961 ASP ilipata viti 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Wajumbe hao watatu waligawanyika, wawili wakaifuata ZNP na mmoja ASP. Pande zikawa 11 kwa 11, uchaguzi ukarudiwa Juni.

Kwa hiyo haifai kulifasiri “Mshirazi” kwa maana ya kabila tu. Katika hotuba za miaka ile lilidai asili, uenyeji na haki ya kutawala. Mfasiri asiyetazama mwaka na chama cha msemaji atamlisha maneno asiyoyasema.