Nani Ampime Mkimbiaji Wetu?

Kiumbe wa kwanza kupimwa dawa kwa sababu ya michezo hakuwa mtu, alikuwa farasi. Mwaka 1910, mjini Vienna, waendeshaji wa mbio za farasi wa Austria walishuku kwamba baadhi ya washindi wanapewa dawa za kuchochea nguvu kabla ya kuingia uwanjani. Wakamwita mkemia kutoka Urusi, Bukowski, aliyejua kuzitambua dawa hizo kwenye mate ya mnyama. Bukowski alikataa kueleza siri ya kipimo chake, basi profesa wa hapohapo Vienna, Sigmund Fränkel, akatengeneza cha kwake. Kuanzia hapo mate ya farasi yakawa ushahidi.

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu vyombo vya michezo vya Afrika Mashariki baada ya uhuru. Katika kisa hiki cha Vienna, kilichonishika hakikuwa kemia. Nilijiuliza ni nani aliyemwita mkemia. Hawakuwa polisi wala serikali. Walikuwa wenye mbio wenyewe, na nyuma yao kulikuwa na watu walioweka fedha zao kwenye kamari na wasiotaka kuliwa kwa sindano. Tangu siku hiyo swali la dawa michezoni limekuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni je, ametumia? Ya pili ni nzito zaidi: nani ana haki ya kumpima, na nani ana haki ya kumhukumu?

Wamarekani wamegombana juu ya sehemu hiyo ya pili kwa miongo mingi. Kwao mbio za farasi zilikuwa mali ya majimbo. Kila jimbo lilikuwa na tume yake, orodha yake ya dawa, kiwango chake na adhabu yake. Kilichoruhusiwa upande huu wa mpaka kiliweza kuwa kosa upande wa pili. Mwaka 2019 farasi wengi walikufa katika uwanja wa Santa Anita, California, na watu wakaanza kuuliza kwa sauti. Machi 2020 waendesha mashtaka wa serikali kuu huko New York waliwashtaki watu zaidi ya ishirini, wakiwemo wakufunzi mashuhuri Jason Servis na Jorge Navarro, kwa mtandao wa kuwapa farasi dawa. Desemba mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuunda mamlaka moja kwa nchi nzima.

Ugomvi haukuishia hapo. Baadhi ya majimbo na vyama vya wenye farasi walikwenda mahakamani wakisema serikali kuu imewapora. Novemba 2022 mahakama moja ya rufaa ikasema sheria hiyo inakiuka katiba. Bunge likairekebisha, na Machi 2023 mahakama nyingine ya rufaa ikasema sasa iko sawa. Ukiisoma kesi hiyo bila kujua chanzo chake ungedhani ni kesi ya ardhi au ya kodi. Farasi mwenyewe hatajwi sana.

Afrika Mashariki hatuna mashaka makubwa ya farasi. Nairobi wana uwanja wa Ngong, nao mashabiki wake wanatosha. Kwetu fedha na heshima ziko kwenye miguu ya watu. Ndiyo maana nasema kesi yetu iko Eldoret na Iten, na kwamba swali la Wamarekani tunalo sisi pia, ila sisi tumelipanua. Badala ya jimbo na serikali kuu, sisi tuna nchi na dunia.

Mwanariadha Rita Jeptoo ndiye ninayeanza naye. Alishinda marathoni za Boston na Chicago mwaka 2013, akarudia Boston na Chicago mwaka 2014. Septemba 2014, kabla ya Chicago, alichukuliwa sampuli nyumbani Kenya, nje ya mashindano. Ikakutwa na EPO. Hii ni homoni ambayo figo zetu hutengeneza wenyewe ili kuuambia uboho wa mifupa utoe seli nyekundu za damu. Madaktari huwapa wagonjwa wa figo wenye upungufu wa damu. Kwa mkimbiaji mzima maana yake ni oksijeni zaidi kwenye misuli, na damu nzito zaidi kwenye moyo.

Januari 2015 Shirikisho la Riadha Kenya lilimfungia miaka 2. Shirikisho la dunia halikuridhika. Likakata rufaa katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, na Oktoba 2016 mahakama hiyo ikaifanya miaka 4, ikafuta na ushindi wake wa Boston wa 2014. Mtu yuleyule, sampuli ileile, adhabu mara mbili. Anayependa mamlaka ya mbali atasema: unaona? Nyumbani walimhurumia bingwa wao. Na ni kweli kwamba chama kinachojivunia medali si mtu mwepesi kuwa hakimu wa medali hizo.

Hapa Mabibo tuna soko la ndizi ambalo watu wanaliita Mahakama ya Ndizi. Kila nikipita pale najiuliza ni nani hakimu. Muuzaji hawezi kuwa, kwa sababu kila mkungu wake umeiva sawasawa. Lakini mtu ambaye hajawahi kushika ndizi mbichi hawezi pia, hata awe na mizani ya dhahabu.

Kenya ililazimika kujibu swali hilo kwa haraka. Wakala wa dunia wa kupambana na dawa michezoni, WADA, uliozaliwa mwaka 1999, unazitaka nchi ziwe na sheria na chombo chake. Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria ya kupambana na dawa hizo. Mwezi uliofuata WADA ikasema sheria hiyo haiendani na kanuni za dunia, ikaitangaza Kenya kuwa haijatimiza masharti. Olimpiki ya Rio ilikuwa inagonga mlango. Bunge likairekebisha sheria upesi, na mwanzoni mwa Agosti nchi ikaondolewa kwenye orodha ile. Bunge la nchi huru liliandika upya sheria yake kwa sababu ya barua kutoka Montreal. Unaweza kuliona hilo kuwa ni uonevu. Mimi naona ni kitu kigumu zaidi ya hapo, kwa sababu ya kilichofuata.

Huko Rio Jemima Sumgong alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki. Februari 2017 sampuli yake ikakutwa na EPO. Safari hii Kenya yenyewe ilimfungia miaka 4, na baadaye adhabu ikapandishwa hadi 8 kwa sababu ya nyaraka za hospitali zisizo za kweli. Yaani chombo cha nyumbani kilichozaliwa kwa shinikizo kilipewa kazi, nacho kikamhukumu bingwa mkubwa kuliko wote. Si kweli kwamba watu wa karibu daima huoneana haya.

Wala si kweli kwamba wa mbali daima ni safi. Asbel Kiprop alipimwa Iten Novemba 2017 kwa niaba ya chombo cha dunia. Yeye mwenyewe alipata dhahabu ya mita 1500 ya Beijing 2008 baada ya aliyemtangulia, Rashid Ramzi wa Bahrain, kuvuliwa medali kwa dawa. Sampuli ya Kiprop ikakutwa na EPO. Akajitetea kwamba aliambiwa mapema kuwa anakuja kupimwa, na chombo cha dunia kikakiri kwamba ni kweli mpimaji alimtaarifu, jambo lililo kinyume cha taratibu. Hilo halikumwokoa. Alifungiwa miaka 4. Lakini kwa mwanahistoria kuna sentensi moja ya kuhifadhi: kanuni iliandikwa Ulaya, na iliyovunjika ilivunjikia mlangoni Iten, kwenye mkono wa mtu wa kawaida mwenye simu.

Halafu kuna fedha. Kwa miaka mingi damu ya mkimbiaji wa Rift Valley ilikuwa lazima ipakiwe kwenye ndege kwenda kupimwa mbali, na damu haisubiri. Maabara ya damu iliyotambuliwa na WADA ilifunguliwa Nairobi mwaka 2018. Mwishoni mwa 2022, Kenya ilipokuwa karibu kufungiwa kabisa, serikali iliahidi kutoa dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano. Kanuni ni ya dunia, lakini bili ni ya nyumbani. Anayesema "waachieni wazungu kazi hiyo" hajaiona bili.

Sasa turudi kwetu. Tanzania swali la nani mwenye michezo tunalo hata kabla hatujafika kwenye dawa. Michezo si jambo la Muungano. Bara tuna Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya 1967, na Zanzibar wana lao. Machi 2017 Zanzibar ilipokelewa kuwa mwanachama kamili wa Shirikisho la Soka Afrika, na kufika Julai mwaka huohuo uanachama ukafutwa kwa hoja kwamba si nchi. Lakini Olimpiki tunakwenda na bendera moja. Kwa hiyo Mzanzibari akishinda, medali ni ya Muungano. Akikutwa na dawa, utashangaa jinsi kila ofisi itakavyokumbuka mipaka yake.

Nilikuwa macho usiku wa Septemba 15, 2025, mbio za Tokyo zilipoanza saa saba na nusu kwa saa zetu. Chumbani tulikuwa watatu na simu moja yenye bando. Alphonce Simbu, mwanajeshi wetu kutoka Singida, alimpita Amanal Petros wa Ujerumani hatua ya mwisho kabisa. Wote waliandikiwa saa 2:09:48, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Tulipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Mwezi mmoja baadaye ikaja habari kwamba Ruth Chepngetich wa Kenya, mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 10, amefungiwa miaka 3 kwa hydrochlorothiazide. Hiyo ni dawa ya presha, inayokojoza, na ambayo kwa mkimbiaji huweza kuficha dawa nyingine. Mwenzangu wa chumbani, ambaye mdogo wake anafanya mazoezi ya mbio kule Mbulu, aliisoma habari hiyo mara mbili.

"Kaka, hii si ile anayomeza mama?" akaniuliza.

"Huenda ndiyo."

"Sasa dogo akimeza vidonge vya mama kwa kutojua, nani atamwambia?"

Kwenye swali hilo ndipo msimamo wangu ulipokaa sawa. Naamini hukumu na adhabu ziwe mbali, kwa sababu taifa linalosherehekea usiku mzima haliwezi kuwa hakimu asubuhi. Simbu mwenyewe anahitaji hivyo. Dhahabu yake ina thamani Berlin na Nairobi kwa kuwa aliyeipima hakuwa sisi. Kama ingekuwa sisi tu tunaoapa kwamba ni safi, kiapo chetu kingeishia Mabibo.

Lakini kuona, kufundisha na kuzuia ni kazi za karibu, wala hakuna ofisi ya Monaco itakayozifanya. Anayejua duka lipi linauza dawa bila cheti ni mtu wa mtaa. Anayejua kocha gani huja na begi lenye sindano ni wazazi wa wale vijana. Serikali ikijivua kazi hiyo kwa kisingizio kwamba dunia inapima, dunia itapima kweli, na itawakuta vijana wetu baada ya kosa, si kabla.

Wamarekani wanabishana kama serikali kuu iwapore majimbo farasi wao. Ubishi wao una maana kwao. Wetu una tofauti moja: farasi wa Vienna hakujua amepewa nini, wala hakuna aliyemlaumu. Kijana wa Mbulu atalaumiwa hata kama hakujua, maana kanuni za dunia humfanya mwanariadha awajibike kwa kila kilichoingia mwilini mwake. Kwa hiyo yeye anadaiwa kuambiwa, kwa lugha anayoielewa, kabla hajaambiwa akojoe kwenye kichupa.

Mwenzangu alimpigia mdogo wake simu jioni ileile. Walizungumza Kiiraqw, sikuelewa. Nilisikia tu jina la dawa likitajwa polepole, silabi moja moja, kama mtu anayemsomea mwenzake namba ya kuandika.