Kutoka Kipande hadi Pasipoti: Historia ya Karatasi za Uraia katika Mji wa Lamu

1.0 Utangulizi

Mkaazi wa Lamu anayeomba pasipoti ya Kenya hutakiwa kuwasilisha cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, nakala za vitambulisho vya wazazi, picha, na fomu iliyotiwa saini na mtu wa kumpendekeza. Orodha hiyo ni fupi, na kwa raia wengi wa nchi haina uzito mkubwa. Katika mji huu wa kale, hata hivyo, kila karatasi iliyotajwa ina historia yake, na historia hizo hazikuanza wakati mmoja wala kwa lengo moja. Kipande kilianzishwa ili kudhibiti vibarua, na cheti cha kuzaliwa kiliwahusu kwanza wageni kutoka Ulaya. Pasipoti nayo, kwa muda mrefu, ilihesabiwa kuwa fadhila ya serikali.

Insha hii inajadili namna karatasi hizo zilivyokuja kufungamanishwa, hata anayekosa moja hukosa zote. Hoja yake kuu ni kwamba ugumu wa kupata pasipoti Lamu hautokani na ofisi ya pasipoti yenyewe. Chanzo chake ni mipaka na madaraja ya watu yaliyowekwa kabla ya mwaka 1963, ambayo baada ya uhuru yaligeuzwa kuwa maswali anayopaswa kuyajibu mwombaji.

2.0 Mji Usiokuwa na Mpaka Baharini

Kabla ya dola za kikoloni, watu wa Lamu walisafiri kwa pepo za msimu. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Ghuba, na kusi iliyarudisha. Ndoa, biashara na elimu ya dini ziliunganisha Lamu na Pate, Siyu, Faza, Kismayu, Mombasa, Unguja, Hadhramaut na Omani. Familia moja ingeweza kuwa na mtoto Lamu, mwingine Barawa na wa tatu Unguja, pasipo yeyote kuonekana amehama nchi.

Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake katika Afrika ya Mashariki. Ukanda wa pwani wa maili kumi, pamoja na visiwa vya Lamu, ulibaki kisheria chini ya Sultani wa Zanzibar, ingawa uliendeshwa na Waingereza kwa malipo ya kila mwaka. Mwaka 1920 bara liliitwa Koloni la Kenya, na pwani ikaitwa Himaya ya Kenya. Tofauti hiyo ilikuwa na uzito. Mzaliwa wa bara alikuwa katika milki ya mfalme wa Uingereza, na mzaliwa wa Lamu alikuwa katika ardhi ya Sultani, ambaye bendera yake nyekundu iliendelea kupepea mjini.

Upande wa kaskazini mpaka ulisogezwa. Jubaland, pamoja na Kismayu, ilikuwa chini ya utawala wa Kiingereza uleule wa Kenya hadi Uingereza ilipoikabidhi kwa Italia mwaka 1925, kwa mkataba wa mwaka 1924. Mbajuni aliyezaliwa Kismayu mwaka 1920 alizaliwa ndani ya utawala mmoja na binamu yake wa Faza. Miaka mitano baadaye, bila yeye kuondoka mahali alipo, mji wake ukawa nchi nyingine. Wajukuu wake waliokuja kuishi Lamu walilazimika kueleza mahali alipozaliwa babu yao, na jibu la kweli ndilo lililowatia mashakani.

3.0 Kipande na Daraja za Watu

Sheria ya kuandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, na utekelezaji wake ukaanza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wanaume Waafrika waliotimia umri wa miaka kumi na sita walitakiwa kubeba kipande, karatasi iliyowekwa katika kikebe cha bati kilichovaliwa shingoni. Ndani yake mliandikwa mwajiri, mshahara na alama za vidole. Lengo lilikuwa kumzuia mfanyakazi asiache kazi bila ruhusa.

Katika miji ya pwani, sheria za namna hiyo zilizua swali jipya: nani ni mwenyeji na nani si mwenyeji? Daraja la mwenyeji lilileta kodi na masharti ambayo daraja la Mwarabu au Mhindi halikuyaleta kwa kiasi kilekile. Kwa sababu hiyo baadhi ya Waswahili waliidai serikali iwaandike kuwa Waarabu, na mabishano hayo yaliendelea kwa miongo kadhaa. Ndani ya nyumba moja mjomba aliweza kuitwa Mwarabu na mpwa wake Mswahili, kwa kutegemea karani aliyeshika kalamu. Karatasi iliyompunguzia babu mzigo wakati wa ukoloni ilikuja kumwongezea mzigo mjukuu wakati wa uhuru, kwa kuwa neno "Mwarabu" lilisomeka kana kwamba ni ushahidi wa ugeni.

Neno lenyewe halikufa. Sheria ya mwaka 1947 iliweka uandikishaji wa watu wa mataifa yote, na baadaye kikaja kitambulisho cha taifa. Hata hivyo, wazee wengi wa pwani wangali wakikiita kitambulisho "kipande".

4.0 Uhuru na Mzigo wa Ushahidi

Mwaka 1961 tume ya Sir James Robertson ilipendekeza ukanda wa pwani uunganishwe na Kenya. Mwezi Oktoba 1963 Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua zilizohitimisha suala hilo. Barua hizo zilitoa ahadi kuhusu uhuru wa dini, mahakama za kadhi, hati za ardhi na maafisa wa utawala katika maeneo ya Waislamu. Ahadi hizo zililinda taasisi za watu wa pwani. Njia ya mtu mmojammoja kuthibitisha uraia wake iliachwa kwa katiba.

Katiba ya uhuru ilimfanya raia moja kwa moja mtu aliyezaliwa Kenya, aliyekuwa chini ya ulinzi au uraia wa Uingereza, ikiwa angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya. Wengine walipewa miaka miwili ya kujiandikisha. Sharti hilo lilikuwa wazi katika maandishi, lakini lilihitaji ushahidi wa kuzaliwa kwa vizazi viwili, katika nchi ambayo uandikishaji wa lazima wa vizazi na vifo vya Waafrika haukuenea kote hadi mwaka 1971. Mama aliyezaliwa Matondoni mwaka 1940, mikononi mwa mkunga wa mtaani, hakuwa na cheti. Aidha, wanawake hawakuingizwa katika utaratibu wa vitambulisho hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Bibi wa mwombaji aliweza kuishi na kuzikwa Lamu bila jina lake kuwahi kuandikwa katika daftari la serikali.

Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 viliongeza tatizo hilo. Vijiji vya Wabajuni vya bara, karibu na mpaka wa Somalia, vilihamwa, na wakaazi wake wakatawanyika Lamu, Malindi na Mombasa. Waliokimbia kwa mashua usiku hawakubeba masanduku ya karatasi. Baada ya mwaka 1991, dola ya Somalia ilipoanguka, Wabajuni wa Kismayu na visiwa vyake walikimbilia pwani ya Kenya. Lugha, majina na mavazi yao yalikuwa sawa na ya ndugu zao wa Lamu, na tangu hapo kila Mbajuni aliweza kushukiwa kuwa mkimbizi.

5.0 Kupigwa Msasa

Shaka hiyo ilizaa utaratibu wa uhakiki, ambao raia wameuita kupigwa msasa. Kijana wa Kiambu aliyetimiza miaka kumi na minane hupeleka nyaraka za wazazi wake kwa chifu. Kijana wa Lamu alitakiwa pia kufika mbele ya kamati ya wazee na maafisa, akaulizwa ukoo, kijiji cha asili na, mara nyingi, karatasi za babu na bibi. Mwaka 2007 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilichapisha ripoti iliyoueleza utaratibu huo kuwa wa kibaguzi dhidi ya jamii za Kaskazini Mashariki na pwani.

Majina nayo yalikuwa kikwazo. Katika desturi ya Lamu mtu hutambulishwa kwa jina lake, la baba na la babu. Jina la baba likiandikwa Mohamed katika cheti, Muhammad katika kitambulisho na Mahamed katika cheti cha shule, mtu mmoja huonekana kuwa watu watatu. Marekebisho huhitaji hati ya kiapo, ada na safari.

Safari hiyo ni sehemu ya historia hii. Kwa miaka mingi pasipoti zilitolewa katika miji mikubwa michache, na mtu wa Lamu alilazimika kwenda Mombasa. Huvuka kwa mashua hadi Mokowe, kisha hupanda basi kupitia Witu, Garsen na Malindi, mwendo unaozidi kilomita 300. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, barabara hiyo ikawa na vizuizi vingi vya ukaguzi, na kitambulisho kikahitajika njiani. Asiyekuwa na kitambulisho hakuweza kusafiri kwa amani kwenda kutafuta hati za kusafiria.

6.0 Haki na Utekelezaji

Katiba ya mwaka 2010 ilileta mabadiliko makubwa. Ibara ya 12 inasema kwamba kila raia anastahili kupata pasipoti ya Kenya na hati nyingine za utambulisho. Uraia wa nchi mbili ukaruhusiwa, jambo lenye maana kwa familia zenye watoto katika nchi za Ghuba. Mwaka 2017 ilianza kutolewa pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, na maombi yakahamia katika mtandao.

Hata hivyo, haki ya Ibara ya 12 ni ya raia, na kwa muda mrefu iliyoamua nani ni raia ilikuwa kamati ya ngazi ya chini kabisa. Mifano ya jamii jirani inaonyesha hivyo. Wamakonde wa Kwale walitembea hadi Nairobi mwaka 2016 kabla ya kutambuliwa, na Wapemba wa pwani ya Kenya walitambuliwa mwaka 2023. Mwezi Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kufutwa kwa uhakiki maalumu kwa wakaazi wa kaunti za mpakani. Hatua zote tatu zilitokana na uamuzi wa kisiasa. Sheria ilikuwapo tayari.

7.0 Hitimisho

Mjadala huu umeonyesha kwamba pasipoti katika mji wa Lamu ni kilele cha ngazi ambayo vidato vyake vilijengwa na tawala tofauti. Serikali ya kikoloni haikuandikisha vizazi vya wenyeji, lakini serikali huru ilidai ushahidi wa vizazi hivyo. Mpaka ulihamishwa na mataifa mawili ya Ulaya, na aliyetakiwa kuueleza ni mvuvi wa Kiunga. Kwa msingi huo, kuharakisha uchapishaji wa pasipoti au kuongeza ofisi kutapunguza safari na gharama, lakini hakutaondoa kiini cha tatizo. Kiini hicho kitaondoka pale serikali itakapobeba yenyewe mzigo wa pengo lililomo katika madaftari yake, na kukubali kwamba ushahidi wa majirani, makaburi na nyumba za ukoo ni ushahidi kamili mahali ambapo karatasi haikuwahi kuandikwa.