Boi wa Daktari

Baba yangu mdogo alikuwa dresa katika hospitali moja ya serikali, miaka ya 1950. Alifunga vidonda, alichemsha sindano, na usiku alishika taa daktari akipasua. Kijijini tulimwita daktari, na mama zetu walimchinjia kuku. Kazini, mkubwa wake alimwita boi. Alikuwa na watoto wanne wakati huo. Ukimwuliza habari hiyo alicheka, akaanza kukuuliza habari za shamba.

Neno hilo ndilo lililonifanya nisimame nilipokuwa nikisoma historia ya jeshi la wanamaji la Marekani. Katika manowari za zamani za Waingereza wagonjwa walilishwa uji mzito ulioitwa loblolly. Aliyewagawia akapewa jina la uji wenyewe: loblolly boy, yaani boi wa uji. Wamarekani nao walipoanza kuunda manowari zao wakalirithi jina hilo pamoja na kamba na matanga. Wa kwanza anayejulikana kwao ni John Wall, aliyeandikishwa katika manowari Constellation mwaka 1798. Sheria ya Bunge lao ya tarehe 2 Machi 1799 ilisema patengwe mahali pa wagonjwa na majeruhi melini, na baadhi ya mabaharia wateuliwe kuwatunza. Jina la kazi halikutajwa. Lilikuja kuingia katika kanuni mwaka 1814.

Uji ulikuwa kazi ndogo tu. Kila siku boi huyo alipiga kengele kuwaita wenye maradhi waende kwa daktari. Vita vikikaribia, alitayarisha ndoo za kutupia mikono na miguu itakayokatwa. Aliwasha makaa ya kuyeyushia lami, kwa maana kidonda cha mguu uliokatwa kiliweza kuzibwa kwa lami ya moto ili damu ikome. Kisha alimwaga mchanga sakafuni, daktari asije akateleza katika damu. Hebu fikiri, ndugu msomaji: mizinga haijalia bado, na mtu huyu anapima kwa macho mchanga utakaotosha damu ya wenzake, ambao asubuhi ile amekula nao.

Baadaye majina yakabadilika. Katika miaka ya 1840 akaja msaidizi wa daktari mwenye cheo kikubwa kidogo na ujuzi wa dawa, na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe akaja mtengenezaji dawa. Hayo nayapita haraka. Mtu ninayetaka kumtaja ni Ann Bradford Stokes.

Alizaliwa mtumwa huko Tennessee. Januari 1863, vita vikiwa vimepamba moto, alipokewa katika meli ya Kaskazini, akajitolea kuuguza. Alipelekwa katika meli ya hospitali Red Rover, iliyofanya kazi katika mto Mississippi, ambako wanawake weusi kadhaa walihudumia pamoja na masista wa Kikatoliki. Jeshi lilimwandikisha na kumlipa mshahara. Lakini daftari halikuwa na cheo cha mwanamke. Basi akaandikwa boi wa daraja la kwanza! Mwanamke mtu mzima, wa miaka thelathini na zaidi.

Aliacha kazi mwaka 1864, afya ikiwa imeharibika. Alipoomba malipo ya uzeeni kwa jina la marehemu mumewe, alikataliwa. Hakunyamaza. Alijifunza kusoma na kuandika, akaomba tena, safari hii kwa utumishi wake mwenyewe, na mwaka 1890 akapewa dola 12 kwa mwezi. Daftari lililomdhalilisha kwa neno moja ndilo hilo hilo lililothibitisha kwamba alikuwapo.

Miaka minane baadaye, tarehe 17 Juni 1898, Marekani ikipigana na Hispania, Rais William McKinley alitia sahihi sheria iliyounda kikosi maalumu cha hospitali katika jeshi la wanamaji, na nafasi 25 za wafamasia wenye cheo cha kuheshimiwa.

Baba mdogo alistaafu bila kelele. Alipofariki tulifungua sanduku lake, tukakuta mkasi wa bendeji na cheti kimoja cha kazi, kimekunjwa mara nne. Mahali pa cheo paliandikwa dresa, kwa wino mweusi, na hati nzuri sana.