Kupasuka kwa Tumbo Katika Historia ya Uokoaji wa Pumzi

Kupasuka kwa mfuko wa chakula ni dhara adimu lakini zito la kumwokoa mtu aliyekata pumzi. Historia yake imeambatana na ya kupuliza pumzi yenyewe. Mwaka 1767 kilianzishwa Amsterdam chama cha kuokoa waliozama majini, ambacho kilihimiza kupuliza hewa kwa mdomo au kwa mvukuto. Mwishoni mwa miaka ya 1820, Mfaransa Leroy d'Étiolles alionyesha kwamba mvukuto waweza kupasua mapafu. Baadaye waokoaji wakategemea zaidi kubana mgongo na kuinua mikono.

Kupuliza mdomo kwa mdomo kulirejea Marekani katika miaka ya 1950, kwa kazi ya James Elam na Peter Safar. Mwaka 1960 Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker wa Baltimore walitangaza mbinu ya kukandamiza kifua. Mbinu hizi mbili zimeokoa watu wengi, nazo ndizo zilizolifanya tumbo kuwa hatarini. Kooni, njia ya hewa na umio hupakana. Pumzi ikisukumwa kwa nguvu, au kichwa kisipolazwa nyuma vizuri, hewa hushika njia ya chakula. Mfuko hujaa, tumbo likakaza kama ngoma. Kifua kinapokandamizwa, ukuta wa mfuko huweza kuchanika, mara nyingi kwenye ukingo wake mfupi, usiotanuka sana. Hewa inayovuja husukuma juu kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, mapafu yakakosa nafasi. Mpira wa kupumulia ukiingizwa kwenye umio kwa makosa, huweza kuleta balaa hilohilo.

Mwaka 1974 Henry Heimlich alieleza namna ya kumsukuma tumbo mtu aliyepaliwa ili kilichokwama kitoke. Mwaka 1975 tayari madaktari waliripoti mgonjwa aliyepasuka tumbo kwa mbinu hiyo.

Kinga ilitafutwa kwa kuziba umio na kwa kupunguza nguvu ya pumzi. Mwaka 1961 Brian Sellick wa London alifundisha kubana gegedu ya koo ili umio uzibe. Miongozo ya uokoaji ya Marekani, iliyoanza na pumzi nne za harakaharaka, mwaka 1986 ilishika pumzi mbili za polepole. Mwaka 2005 ikaagiza pumzi mbili kila baada ya mikandamizo 30, kila pumzi ya sekunde 1.

Aliyepasuka hutolewa hewa tumboni kwa sindano, kisha hupasuliwa na kushonwa. Mwokoaji naye hufundishwa kukitazama kifua: kikianza kuinuka, pumzi imetosha, kisipoinuka, kichwa hulazwa upya kabla ya kupuliza tena.