Shelisheli: meli, waya, ndege na mkongo

Jamhuri ya Shelisheli ina visiwa 115 vilivyotawanyika katika Bahari ya Hindi, kusini ya ikweta, kiasi cha kilomita 1,750 mashariki ya Mombasa. Visiwa hivyo vyote vikiwekwa pamoja, nchi kavu haifiki kilomita za mraba 460, yaani inakizidi kisiwa cha Mafia kwa kiasi kidogo tu. Bahari yake ni habari nyingine. Eneo ambalo Shelisheli ina haki ya kuvua na kuchimba lina zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.3, kubwa kuliko Tanzania nzima. Wakazi ni laki moja na kitu, na wengi wao wanaishi katika kisiwa kimoja, Mahé.

Visiwa hivyo ni vya aina mbili. Vile vya ndani, Mahé, Praslin, La Digue, Silhouette na jirani zao, ni vilima vya mawe ya matale, mabaki ya bara la kale lililomeguka kabla India na Madagaska hazijafika zilipo leo. Si kawaida kwa visiwa vya katikati ya bahari, ambavyo karibu vyote duniani huzaliwa na volkano au matumbawe. Mahé ina urefu wa kilomita 28, na mlima wake mkubwa, Morne Seychellois, unafika mita 905. Mvua hunyesha sana, vijito vipo, ila ardhi tambarare ni ukanda mwembamba tu kando ya fukwe. Visiwa vya nje ni matumbawe yaliyoinuka mita chache juu ya maji, bila mto wala kilima. Aldabra, kilicho mbali kuliko vyote, kiko zaidi ya kilomita 1,100 kutoka mji mkuu, Victoria, karibu na Madagaska kuliko na serikali yake yenyewe. Mahé iko karibu mno na ikweta hata tufani hazifiki. Visiwa vya kusini havina bahati hiyo, na mwezi wa Aprili 2016 kimbunga Fantala kilikisambaratisha kisiwa cha Farquhar.

Nchi yenye ardhi haba kiasi hicho haikuweza kamwe kuishi kwa ardhi peke yake. Historia yake ya uchumi inasomeka vizuri zaidi kwa kuuliza nani alipita hapo, kwa chombo gani, na alitaka nini.

Kwa karne nyingi hakupita mtu wa kukaa. Majahazi ya kaskazi na kusi yalifuata pwani, kati ya Uarabuni, Mombasa na Kilwa, na visiwa hivi vilikuwa mbali na njia hiyo. Wakati Kilwa inatengeneza sarafu zake, Mahé ilikuwa na kobe, mamba na ndege tu. Waingereza wa meli ya Ascension waliotia nanga mwaka 1609 walichota maji, wakala kobe, wakaenda zao. Kitu pekee kilichosafiri kutoka huko ni nazi kubwa ajabu ya Praslin, mbegu nzito kuliko zote duniani, ambayo maganda yake yalielea mpaka Maldivi na kuuzwa kwa bei ya vito. Asili yake haikujulikana hadi miaka ya 1760, Wafaransa walipouona mti wenyewe ukiwa umesimama.

Wafaransa walikuwa wanatafuta njia fupi ya kwenda India. Mwaka 1742 gavana wa Isle de France, ambayo leo ni Morisi, Mahé de La Bourdonnais, alimtuma Lazare Picault kuchunguza. Mwaka 1756 Kapteni Corneille Nicolas Morphey alisimika jiwe la umiliki kwenye kisiwa kikuu, na visiwa vikapewa jina la waziri wa fedha wa Mfalme Louis XV, Moreau de Séchelles. Kundi la kwanza la walowezi na watumwa lilishuka mwaka 1770, watu wasiofika thelathini.

Mradi wa kwanza wa uchumi ulikuwa bustani ya siri. Pierre Poivre, msimamizi wa Isle de France, alitaka kuuvunja ukiritimba wa Waholanzi katika biashara ya viungo, na mwaka 1772 miche ya mdalasini, karafuu, kungumanga na pilipili manga ikapandwa Anse Royale. Miaka minane baadaye meli kubwa ilionekana ikikaribia. Walinzi wakaamini ni ya Waingereza, wakaitia moto bustani nzima isiangukie mikononi mwa adui. Meli ikatia nanga, na ilikuwa ya Wafaransa. Mdalasini peke yake ulinusurika, maana ndege walikuwa wameshazitawanya mbegu zake milimani. Zaidi ya karne moja baadaye, magome na mafuta ya mdalasini huo wa mwituni vikawa miongoni mwa bidhaa kuu za kuuza nje. Hesabu za serikali hazikuwahi kuleta faida kama ile iliyoletwa na ndege wale.

Vita vya Napoleon viliikuta Shelisheli chini ya kamanda Queau de Quinssy. Hakuwa na jeshi la maana, basi kila manowari za Uingereza zilipofika alijisalimisha, na zilipoondoka akaipandisha tena bendera ya Ufaransa. Kwa masharti ya kujisalimisha huko meli za Shelisheli zilipita bila kukamatwa, na biashara ikaendelea. Mkataba wa Paris wa 1814 ulivikabidhi visiwa kwa Uingereza, vikatawaliwa kutoka Morisi, na Quinssy akabaki Shelisheli kama hakimu hadi alipofariki mwaka 1827.

Pamba, iliyokuwa zao kuu, ilishindwa na pamba ya Marekani. Utumwa ulipofutwa mwaka 1835, watu zaidi ya 6,000 waliachwa huru na wenye mashamba wakakosa wa kuwafanyisha kazi. Wakageukia minazi, ambayo haihitaji mikono mingi. Kisha kuanzia 1861 manowari za Uingereza zilizokuwa zikiyakamata majahazi ya watumwa katika bahari ya Afrika Mashariki zilianza kuwateremsha Mahé watu zilizowaokoa. Katika muda wa miaka kumi na kitu walifika kama 2,500, wengi wao wakiwa wametekwa katika nchi ambazo leo ni Tanzania, Malawi na Msumbiji. Waliokolewa, ila wakagawiwa kwa wenye mashamba kama vibarua wa mkataba, na hiyo ndiyo nguvu kazi iliyoijenga enzi ya mbata. Sehemu kubwa ya Washelisheli wa leo ni wajukuu wao na wa watumwa waliowatangulia.

Posta ya kwanza ilifunguliwa Victoria mwishoni mwa 1861, ikitumia stempu za Morisi. Stempu zenye jina la Shelisheli zilitoka mwaka 1890. Kila habari iliingia kwa meli. Mwenye shamba la vanila, zao lililoleta utajiri wa haraka mwishoni mwa karne ile, alisikia bei ya London ikiwa imeshapitwa na wiki kadhaa. Hali hiyo ilibadilika mwaka 1893, kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilipolaza waya wa simu chini ya bahari kutoka Zanzibar hadi Mahé, na kutoka Mahé hadi Morisi. Shelisheli ikawa kituo cha katikati. Waya haukuweza kuiokoa vanila, kwani mwanzoni mwa karne ya 20 vanila ya maabara iliporomosha bei. Mbata na mdalasini vikashika nafasi yake.

Mwaka 1903 Shelisheli ikawa koloni linalojitegemea. London ilikuwa imeshaupatia umbali wa visiwa hivyo matumizi mengine: gereza la wafalme. Kabaka Mwanga wa Buganda alifia huko mwaka 1903. Kabalega wa Bunyoro alikaa mpaka 1923, na Prempeh wa Asante mpaka 1924. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyewahi kukalia kiti cha Zanzibar kwa siku mbili mwaka 1896, aliletwa baada ya kukamatwa Dar es Salaam katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadaye walifuata Saad Zaghloul wa Misri na Askofu Mkuu Makarios wa Kupro.

Hadi miaka ya 1960 ilipoisha hapakuwa na kiwanja cha ndege. Meli za kampuni ya British India, Karanja na Kampala zikiwamo, zilipita zikiwa safarini kati ya Bombay na Mombasa, na aliyeikosa moja alisubiri nyingine. Vijana wengi walipanda kwenda kutafuta kazi Kenya, Uganda na Tanganyika. Wamarekani walipojenga kituo cha kufuatilia satelaiti mlimani La Misère mwaka 1963, walitumia ndege ya kutua majini kutoka Mombasa.

Kiwanja kilikuja kama malipo. Mwaka 1965 Uingereza ilivichomoa Aldabra, Farquhar na Desroches kutoka Shelisheli na kuviunganisha na Chagos kuwa koloni jipya la kijeshi. Fidia ikawa njia ya ndege juu ya mwamba wa matumbawe uliofukiwa Pointe Larue. Mpango wa kujenga kambi ya anga Aldabra, penye kobe wakubwa wanaofika laki moja, uliachwa mwaka 1967 baada ya wanasayansi kupiga kelele na fedha za Uingereza kupungua. Visiwa vyote vitatu vilirudishwa siku ya uhuru, 29 Juni 1976.

Ndege kubwa ya kwanza, Super VC10 ya Waingereza, ilitua 4 Julai 1971. Mwaka huo huo kampuni ndogo ya Kenya iliunganisha Mombasa na Mahé kwa ndege ya injini mbili mara moja kwa wiki, na mwezi wa Novemba Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likaanza safari zake. Hakuna tukio lililougeuza uchumi kwa kasi hiyo. Vibarua waliteremka kutoka mashambani kwenda kujenga hoteli, nazi zikaachwa zioze chini ya minazi, na katika muda mfupi utalii ukaipita mbata. Wageni, waliokuwa elfu chache kwa mwaka, walipita 384,000 mwaka 2019.

Kiwanja hicho kiliingia pia katika siasa. France-Albert René alimpindua Rais James Mancham tarehe 5 Juni 1977, Mancham akiwa London; baadhi ya wapinduzi walikuwa wamefunzwa Tanzania, na askari wa Tanzania waliletwa baadaye kuilinda serikali mpya. Novemba 1981 mamluki wa Mike Hoare walishuka hapo wakijidai ni watalii wapenda bia, silaha zikiwa zimefichwa ndani ya mabegi. Bunduki moja ilionekana forodhani, mapigano yakazuka, nao wakaishia kuiteka ndege ya Air India na kukimbilia Durban.

Nguzo ya pili ya uchumi ni jodari. Shelisheli ilipojitangazia eneo la maili 200 za bahari, ilianza kuuza leseni kwa meli za Ulaya, hasa za Hispania na Ufaransa. Kiwanda cha kusindika jodari kilichofunguliwa bandarini Victoria mwaka 1987 kimekua kuwa miongoni mwa vikubwa duniani, na ndicho mwajiri mkubwa. Hata hivyo mafuta, mashine na sehemu kubwa ya chakula huagizwa nje. Miaka mingi ya kukopa ili kuishikilia thamani ya rupia iliishia mwaka 2008, serikali iliposhindwa kulipa hatifungani ya dola milioni 230. Shirika la Fedha la Kimataifa likaitwa, rupia ikaachiwa sokoni mwezi wa Novemba, na thamani yake ikaanguka vibaya. Mwaka uliofuata maharamia wa Kisomali walikuwa wameshafika katika maji yake, wakivuruga uvuvi, na baadaye mahakama za Victoria zikaanza kuwahukumu.

Nchi ilijiinua kwa kuigeuza bahari kuwa dhamana. Sehemu ya deni ilibadilishwa kuwa ahadi ya hifadhi, na mwaka 2020 asilimia 30 ya maji yake yalikuwa yametangazwa kuwa maeneo yanayolindwa. Mwaka 2018 Shelisheli ilikuwa nchi ya kwanza duniani kutoa hatifungani ya buluu, ya dola milioni 15, kwa ajili ya uvuvi endelevu. Korona ikaonyesha tena udhaifu wa zamani: watalii wa 2020 walikuwa kama 115,000 tu.

Katika mawasiliano, mahali visiwa vilipo paliwafaa watangazaji kabla ya wenyeji. Kati ya 1988 na 2014 BBC ilikuwa na kituo Grand'Anse, Mahé, kilichorusha matangazo ya masafa mafupi kuelekea Afrika Mashariki, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zake, hivyo msikilizaji wa Tabora au Lamu aliweza kuipata London kupitia Shelisheli bila kujua. Wenyeji wenyewe walitegemea satelaiti, na intaneti ilikuwa ghali na ya polepole, mpaka mwaka 2012 ulipowashwa mkongo wa mawasiliano wa chini ya bahari uitwao SEAS, wenye urefu wa kilomita zipatazo 1,930 kutoka Dar es Salaam hadi Beau Vallon. Ni njia karibu ile ile ya waya wa 1893. Lakini nchi yenye mkongo mmoja tu hubaki gizani yote ukikatika, kwa hiyo mkongo wa PEACE, unaounganisha pia Mombasa, ulipofika ulipokewa kama bima.

Ndani ya nchi usafiri haulingani. Mahé, Praslin na La Digue zina feri kila siku, na kati ya Mahé na Praslin ndege huchukua robo saa. Visiwa vya nje vinahudumiwa na Islands Development Company, shirika la serikali lililoanzishwa mwaka 1980, kwa ndege ndogo na meli ya mizigo. Aldabra haina kiwanja. Watafiti hutua Assomption na kumalizia safari kwa boti.