Silinda Iliyokwama na Ardhi ya Kericho

Hapa Kapsoit, ukisimama kando ya barabara ya Kericho kwenda Kisumu, ni rahisi kuizungumzia chai kana kwamba iliota yenyewe. Mimi nilikuwa fundi wa silaha polisini hadi nilipostaafu, na kwangu historia ya vilima hivi haisimuliki bila kutaja bastola.

Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, maofisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani walitengewa ekari 25,000 za Wakipsigis ili walime kitani. Mradi wao uliitwa BEADOC. Bei ya kitani ikaporomoka, mradi ukafilisika, lakini ardhi haikurudi kwa wenyewe. Kampuni ya chai ya Brooke Bond ikaingia Kericho mwaka 1924, na kampuni ya James Finlay mwaka uliofuata. Watu wa ukoo wa Talai wa Wakipsigis, ambao unabii wao ulisikilizwa na wengi, walitungiwa sheria mwaka 1934 na kuhamishiwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria. Wazee wetu hawakuwa wamesahau kwamba jamaa ya ukoo huo, Koitalel arap Samoei wa Wanandi, alipigwa risasi kwa karibu mwaka 1905 alipokwenda kukutana na ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen.

Ofisa wa Vita Kuu ya Kwanza alijinunulia bastola yake mwenyewe. Iliyokuwa rasmi jeshini tangu 1915 ni Webley Mark VI, rivolva nzito ya risasi sita. Hufunguka kwa kukunjika: unasukuma kikomeo kwa kidole gumba, mtutu unainama, na nyota ya chuma iliyo katikati ya silinda inainuka na kuyamwaga maganda yote kwa mpigo. Ikikataa kujifunga tena, aghalabu ganda limeteleza likaingia chini ya ile nyota. Unainua nyota, unalitoa, basi.

Vita Kuu ya Pili vilileta aina nyingine. Marekani iliipa Uingereza na nchi za himaya yake mamia ya maelfu ya Smith & Wesson Victory, ambazo silinda zake hutoka kwa upande wa kushoto. Hali ya hatari dhidi ya Mau Mau ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, walowezi, wake kwa waume, walikaa hata mezani na bastola kiunoni. Mpishi aliyepakua supu aliiona kila siku. Historia nyingi za chai hazimtaji mpishi huyo wala kile alichokiona, na hilo linaniuma.

Victory mojawapo ililetwa kituoni kutoka sefu ya shamba moja, isalimishwe. Silinda ilikuwa imegoma kufunguka. Konstebo mmoja kijana aliniuliza, "Afande, kama ina risasi je?" Nikamwambia ina risasi mpaka macho yetu yaone vinginevyo. Nikaelekeza mtutu kwenye pipa la mchanga, nikaitazama kwa ubavuni.

Jambo la kwanza ni kitako cha risasi. Fataki ikijitokeza nje kidogo, husugua kinga ya nyuma, na silinda huwa nzito hata kuzunguka. Hii ilizunguka vizuri kwa kuvuta nyundo nusu. La pili ni fimbo ya kutolea maganda, ile iliyo chini ya mtutu. Ikipinda, ncha yake huyumba silinda inapozunguka. Haikuyumba. Lakini nilipoishika kwa vidole ilizunguka yenyewe, na ncha yake ilikuwa imegandamana na kichuma cha mbele kinachoipokea. Hapo ugonjwa ukawa wazi.

Fimbo hiyo imefungwa kwa hesi, kama skrubu. Silinda ya Smith & Wesson huzunguka kuelekea kushoto, na kwa miaka na miaka mtikisiko wa kufyatua huilegeza fimbo kidogo kidogo. Ikilegea hurefuka, na ikirefuka huziba nafasi ya kufungukia. Kulazimisha kwa nyundo ni kuipinda tu. Niliifunga kipande cha ngozi, nikaibana kwa koleo, nikaikaza polepole huku mkono wa pili ukizuia silinda. Kikomeo kikasogea, silinda ikatoka. Ndani mlikuwa na risasi nzima nne na maganda mawili.

Kuikaza kabisa kuna siri moja. Nyota ile haina nguvu ya kustahimili msokoto, kwa hiyo unajaza matundu ya silinda kwa maganda matupu ili yaishikilie, kisha fimbo inabanwa kwenye jiliwa lenye ngozi. Kabla ya hapo unasafisha masizi chini ya nyota kwa mswaki na mafuta mepesi, kwa sababu masizi pekee yanatosha kukwamisha silinda. Kwenye miaka ya 1960 kiwanda chenyewe kiligeuza hesi zikawa za mkono wa kushoto, ili mzunguko ukaze badala ya kulegeza. Fundi asiyejua bastola ni ya lini ataizungusha fimbo kinyume.

Kazi hiyo haikuwa ya kila fundi wa soko. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, anayetengeneza bastola za watu lazima awe amesajiliwa, na ni sawa kabisa. Ila matokeo yake ni kwamba ujuzi huu ulibaki ndani ya ghala za silaha, nasi tulioushika tunazeeka. Ningependa rivolva kama ile, ikiwa imetobolewa mtutu isifyatuke tena, iwekwe Kericho mahali watoto wa Talai na wa wachuma chai wanaweza kuiona, pamoja na ramani ya zile ekari 25,000.